Kupanda mti karibu na ukuta na bomba: anza na bomba, mti baadaye

Kwenye ua wa marehemu bibi yangu, hapa Malindi, palikuwa na mkungu. Aliupanda mwenyewe kutokana na kokwa lililoangushwa na popo, hatua mbili tu kutoka ukuta wa choo, kwa sababu hapo ndipo maji ya kuogea yalipomwagika na mche haukuhitaji kumwagiliwa. Ulikua upesi. Chini yake wanawake wa mtaani walisuka ukili, watoto tulipasua kungu kwa mawe, na mchana wa kaskazi hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Baada ya miaka kumi na kitu choo kikaanza kurudisha maji. Fundi alipofungua chemba akavuta kitu mfano wa mkia wa farasi: mizizi myembamba, urefu wa mkono mzima, imelijaza bomba lote. Ukuta nao ulikuwa umeinuka upande mmoja na kupasuka. Mti ukakatwa. Bibi alikaa ndani siku ile nzima, hakutaka kusikia sauti ya shoka.

Mkungu ule haukuwa na kosa. Ungepandwa mita saba mbele, na kile kiungio cha bomba kingezibwa mapema, ungekuwa umesimama hadi leo. Ndiyo maana naandika haya. Sitaki mtu aache kupanda mti kwa kuogopa ukuta wake, wala sitaki mti mzuri uliwe na shoka kwa sababu ya kosa la siku ya kwanza.

Mzizi unafanya nini hasa

Watu husema mzizi hunusa maji ukatoboa bomba. Sivyo. Ncha ya mzizi ni laini, husonga mbele pale penye unyevu, hewa na nafasi. Bomba la plastiki lililoungwa sawasawa, mzizi huliambaa kwa nje na kupita zake. Lakini kiungio kikivuja, hata kwa kiasi cha jasho, mchanga unaolizunguka hubaki umelowa kiangazi kizima, na mizizi hujaa hapo. Uzi mmoja ukipenya kwenye ufa, ndani unakuta maji, hewa na mbolea. Unanenepa, unapanua ufa ulioingilia, unatoa vijizizi vingine mamia. Karatasi na mafuta ya jikoni vikinasa humo, bomba limeziba.

Mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma, yaliyoungwa kwa saruji, ndiyo yanayoingiliwa kwa urahisi zaidi. Ya chuma hula kutu. Ya plastiki ni salama, isipokuwa yale yaliyochomekwa bila gundi, au yaliyolazwa juu ya mawe makali yakapasuka gari lilipopita.

Jambo la pili ni ardhi yetu. Sehemu nyingi za Malindi ukichimba mchanga kidogo unagonga mwamba wa matumbawe. Mzizi hauwezi kushuka, hutambaa kando, labda upate mpasuko wa kuchungulia. Hata kwenye ardhi laini, mizizi mingi ya mti huwa karibu na uso wa ardhi, ndani ya futi mbili hivi za juu, na hufika mbali kupita kivuli cha matawi yake. Usidanganywe na picha ya mti wenye mizizi iliyozama chini sawa na matawi yalivyopanda juu. Na mabomba yetu nayo mara nyingi yamezikwa kina hicho hicho, pengine urefu wa jembe moja tu.

Nafuu tuliyo nayo ni kwamba mchanga hauvimbi na kunywea kama udongo mweusi wa mfinyanzi wa kule bara, ambako mti ukinyonya maji ardhi hushuka na nyumba ikapasuka. Kwetu hatari ya ukuta iko karibu na shina: pale mizizi minene inapotanuka mwaka hadi mwaka, huinua msingi mfupi. Nyumba nzito yenye msingi mzuri hustahimili. Ukuta wa ua, ambao fundi ameuweka juu ya mawe mawili ya msingi, ndio huanguka kwanza.

Hatua ya 1: Jua kilichozikwa

Chukua karatasi uchore ua wako. Weka nyumba, ukuta, geti, mita ya maji, tangi, tangi la choo, shimo la kunywea maji machafu (lile yanamozama ardhini) na kila mfuniko wa chemba. Inua mifuniko. Bomba kati ya chemba mbili huwa limenyooka, kwa hiyo funga kamba kutoka chemba hadi chemba, na njia yake utaiona juu ya ardhi. Bomba la maji safi ni gumu zaidi kulifuata kwa sababu hupinda popote. Anza kwenye mita, angalia linaelekea wapi, kisha tazama linapotokea ukutani. Muulize fundi aliyelaza, au jirani mzee aliyeshuhudia. Nyumba za zamani zina mabomba yaliyokufa ambayo hakuna anayeyakumbuka, na hayo nayo yachore ukiyapata.

Pale unapokusudia kupanda, chimba mfereji mwembamba kwa mkono, kina cha goti, ukikata njia unayoshuku bomba linapita. Tumia jembe na mwiko, si sululu. Ukiona mchanga umebadilika rangi ghafla, au kuna vipande vya matofali na saruji ndani ya mchanga safi, ujue palishachimbwa. Nenda polepole. Waya wa umeme uliozikwa kwenda kwenye pampu ya kisima au taa ya geti unaua. Ukiufikia, simama, zima umeme, umwite fundi.

Kisha inua macho. Nguzo na nyaya za juu nazo ziingie kwenye mchoro.

Hatua ya 2: Ponya bomba kwanza

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Maji ya Malindi hutoka kwenye visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na mtaani hayatoki kila saa. Ngoja siku yametoka. Jaza tangi mpaka boya lijifunge. Funga kila bomba ndani na nje, kisha nenda ukatazame mita. Kijigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali panavuja chini ya ardhi. Soma namba usiku kabla ya kulala, soma tena alfajiri kabla mtu hajatawadha.

Kwa maji machafu hakuna mita. Fungua chemba wakati hakuna anayeoga wala kuosha: ikiwa maji bado yanatiririka kidogo, kuna bomba la choo linalopitisha maji kimya kimya. Tazama kuta za chemba kwa vijizizi vinavyoning'inia. Tazama ardhi mwezi wa pili, jua likiwa kali na kila kitu kimekauka: sehemu ya nyasi mbichi peke yake, mahali pasipomwagiliwa, inakuonyesha bomba linavuja wapi.

Tengeneza palipovuja kabla ya kununua mche. Sehemu iliyo karibu na mti ujao, badilisha kabisa iwe kipande kimoja kirefu kisicho na kiungio katikati. Bomba jeusi la kukunja linafaa kwa maji safi kwa sababu huja kwa mita nyingi bila kuungwa. La maji machafu lilazwe juu ya mchanga mlaini, liungwe kwa gundi, na viungio vyake viwe mbali na shina.

Hatua ya 3: Chagua mti kwa umbo lake la uzeeni

Mche wa mwembe kitaluni unatoshea mkononi. Ndipo watu wengi hukosea: wanapima nafasi ya mche. Nenda kamtazame mwenzake mzima mtaani, simama chini yake, pima kwa hatua kutoka shina hadi mwisho wa kivuli. Kipimo changu ni hiki: kivuli cha uzeeni kisiguse ukuta, na bomba lisipite chini ya nusu ya ndani ya kivuli hicho.

Kwa mita, miti midogo kama mkomamanga, mlimau, mdimu, mstafeli na mhina naipa mita 2 hadi 3 kutoka ukutani na kutoka kwenye bomba. Mpera mita 4. Mpapai una mizizi laini, mita 2 unatosha. Mwembe, mzambarau, mfenesi na mkwaju wape mita 8 hadi 10, na mkungu usiopungua 7, kwa sababu matawi yake hutanda kama mikeka inayopandana. Mwarobaini ni mti wetu wa dawa na kivuli, unaota popote, lakini mizizi yake hufika mbali na ukiijeruhi hutoa vichipukizi. Mita 7 kutoka kwa chochote cha maji, na zaidi kama nafasi ipo. Mkrismasi, ule unaowaka maua mekundu mwisho wa mwaka, ni mzuri kwa macho na mbaya kwa sakafu: mizizi yake hupanda juu ya ardhi na kuinua kabro. Huo, pamoja na msufi na jamii yote ya mikuyu na mitini, usiupande kwenye ua wa kawaida wa mjini. Upeleke shambani.

Mnazi una habari yake. Hauna mizizi inayonenepa. Hutoa mamia ya mizizi ya unene wa kidole, na hubaki unene huo huo maisha yote. Kwa hiyo hauinui ukuta, na mita 3 hadi 4 zinatosha kwa upande wa msingi. Lakini mizizi hiyo hiyo hupenda maji machafu kama ya mti mwingine wowote, na nazi ikidondoka juu ya paa la vigae au kichwa cha mtoto, umbali wa mizizi hautakusaidia. Fikiria inapoangukia nazi. Mnazi wa pwani huinamia upande wa mwanga, hivyo karibu na ukuta mrefu utainamia nje, kwa jirani.

Shimo la kunywea maji machafu ni jambo tofauti na bomba. Limetengenezwa livuje, kwa hiyo hakuna cha kuziba. Mizizi itakuja tu. Miti mikubwa iwe mita 8 au zaidi kutoka hapo. Juu na kando yake weka nyasi, mchaichai au mrehani. Migomba mita mbili tatu mbali haina neno, mizizi yake ni laini na haidumu, ila shina huhama kidogo kila mwaka, kwa hiyo ng'oa machipukizi yanayoelekea kwenye mfuniko.

Ua wako ukiwa mdogo kiasi kwamba hakuna mahali pa mita 3, panda mkomamanga kwenye pipa kubwa lililotobolewa chini na kuinuliwa juu ya mawe. Au otesha yasmini kwenye chanja iliyosimama peke yake, isiyopigiliwa ukutani.

Hatua ya 4: Shimo na upandaji

Panda masika yanapoanza kushika, ardhi ikiwa imelowa kina cha kiganja, ili mvua ikusaidie miezi ya kwanza. Vuli nayo inafaa, lakini ni fupi na nyuma yake kuna kaskazi, basi ujiandae kumwagilia.

Shimo liwe pana, lisiwe refu. Kina ni kile cha mfuko wa mche, upana mara tatu yake. Kwenye mwamba, vunja kingo kwa mtaimbo zibaki na mikwaruzo na mipasuko. Shimo la kuta laini ndani ya mwamba ni kama chungu: mizizi itazunguka humo humo na mti utakuja kung'olewa na upepo. Karibu na ukuta usichimbe chini kuliko msingi wake. Mchanga mkavu humwagika, na ukuta unaweza kukuangukia ukiwa umeinama.

Chana mfuko, uutoe wote. Tazama mizizi chini: ikiwa imejizungusha kama kamba, ikate mahali pawili au patatu kwa kisu kikali. Watu huihurumia mizizi hiyo, lakini ikiachwa itaendelea kuzunguka mpaka ije ilikabe shina. Weka mche ili pale shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi. Rudisha mchanga ule ule uliochanganywa na samadi iliyooza, bila mabaki ya saruji. Kanyaga taratibu, mwagilia, ongeza mchanga palipozama.

Kusi ikivuma Malindi haibembelezi. Weka miti miwili ya kuegemea, pande mbili, ufunge kwa utepe wa mpira wa baiskeli, ukiacha shina nafasi ya kuyumba kidogo. Mti unaoyumba hujikazia mizizi. Ufungue baada ya mwaka.

Hatua ya 5: Kizuizi, pale mita hazitoshi

Wakati mwingine umbali unapungua kidogo na huna la kufanya. Hapo zika kizuizi. Pipa la plastiki la lita 200 likipasuliwa na kunyooshwa hutoa ubao mzuri usiooza. Mabati usiyatumie, chumvi yetu itayala. Chimba mfereji kandokando ya bomba au ukuta, kina cha sentimita 60 hadi 75 au hadi mwamba, usimamishe plastiki humo na uache sentimita 5 zionekane juu, maana mzizi hupenda kuruka ukingo uliofichwa na majani. Mbao mbili zikipishana, zipishane kwa urefu wa mkono. Mstari uende mita 2 kupita kila upande wa mti.

Usiuzungushe mti wote. Mti uliofungiwa ndani ya duara hauna pa kujishikilia. Na ujue kizuizi hupunguza tu. Mzizi unaweza kupita chini yake. Hakikufanyi uweke mwarobaini mita moja kutoka chooni.

Hatua ya 6: Maji ya miaka miwili ya mwanzo

Unapomwagilia ndipo unapouelekeza mzizi. Kikombe kimoja kila jioni hulowesha ngozi ya mchanga tu, na mizizi hubaki juu. Ndoo mbili kwa mara moja, mara mbili kwa wiki, huzama. Tengeneza beseni la mchanga kuzunguka mche, na mti ukishashika, litanue kuelekea upande wa wazi, mbali na bomba na ukuta. Funika ardhi kwa makumbi ya nazi au makuti yaliyochakaa, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, mnazi na mkungu vitavumilia, mlimau hautavumilia.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, fungua chemba na utazame. Ukiona ufa ukutani, chora mstari wa penseli mahali ufa unapoishia, uandike na tarehe. Ufa usiosogea miaka miwili si wa kuutia mti hatiani. Nyumba nyingi za pwani hupasuka kwa sababu zege lilichanganywa na mchanga wa bahari, chuma kikala kutu ndani na kuvimba. Nimeona mwembe umekatwa kwa ufa ambao ulikuwa wa nondo.

Miche inayojiotea ukutani

Huu ni ugonjwa wa kuta za mawe na chokaa. Ndege na popo hula tini, hudondosha mbegu kwenye mpasuko juu ya ukuta, na mtini huota bila udongo. Nenda Gede, kilomita 15 hivi kutoka hapa, mji wa kale ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, utazame mizizi ilivyokumbatia kuta. Pengine mzizi ndio unaoushika ukuta usianguke, na pengine ndio ulioupasua.

Nyumbani kwako, ung'oe ukiwa na majani manne, mvua ikiwa imenyesha na chokaa kimelainika. Ukishazidi unene wa kidole usiuvute, utatoka na mawe. Ukate, ufukue mzizi kadiri unavyofikia, na urudie kila unapochipua. Kisha ziba tundu kwa chokaa na mchanga. Kwenye ukuta wa zamani saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, hufungia unyevu wa chumvi ndani, na jiwe huanza kumomonyoka kando yake.

Kama mti tayari upo

Usikimbilie mizizi kwa shoka. Ile iliyo karibu na shina ndiyo inayoushika mti usimame. Pima upana wa shina, uuzidishe mara tano, uzungushe duara la umbali huo kutoka shinani, na ndani yake usikate mzizi mnene. Mti uliokatwa mizizi upande mmoja huanguka siku ya kusi, na huangukia upande usioutaka.

Mara nyingi kuhamisha bomba ni rahisi kuliko kuua mti: mita kumi za bomba jipya, siku mbili za kazi. Ukuta wa ua unaweza kuvunjwa kipande kilichoinuka na kujengwa tena ukiwa na linta, yaani boriti ya kubebea ukuta, juu ya mzizi, uwazi ukiachwa chini wa kiganja kimoja. Bomba lililoziba, vyuma vya kuzibulia hufungua njia kwa muda. Mizizi iliyokatwa humea tena, hivyo ni lazima kiungio kifukuliwe na kubadilishwa. Usimwage chumvi wala asidi chooni. Haifiki kwenye kiungio ila kidogo, na inayobaki huenda kwenye maji ya visima tunayochota.

Mti wa kando ya barabara, uliza serikali ya kaunti kabla ya kugusa. Wa mpakani, kaa na jirani kwanza, mkubaliane nani atalipa nini.

Na ikibidi ukatwe, subiri kabla ya kujenga. Mizizi iliyokufa huoza na kuacha mapango chini ya mchanga, kisha ardhi hushuka. Ukuta wa choo cha bibi tuliujenga upya baada ya masika moja kupita na mashimo kujazwa mara mbili. Kokwa la mkungu ule ule tulilioteshea kwenye mkebe. Mche wake uko upande wa pili wa ua, mita 9 kutoka chemba ya karibu, na msimu huu umetoa tabaka la pili la matawi.